Barua ya wazi kwa watunga sheria wa Marekani: madhabahu ni ya waumini, meza ya karani ni ya raia wote

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Kongresi ya Marekani, na kwa Waheshimiwa wajumbe wa mabunge ya majimbo yote 50.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa Kiswahili, lugha ya sala zangu tangu utotoni, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema linagusa sala zangu kabla ya kugusa kura yangu. Mimi ni raia wa nchi hii na ni Mkristo. Nilifunga ndoa kanisani, mbele ya mchungaji na mashahidi, na sitaki serikali yoyote ije kumwambia mchungaji wangu nani ambariki na nani asimbariki. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba msiiguse haki ya watu wa jinsia moja kufunga ndoa mbele ya sheria. Najua wapo watakaoona kwamba maneno hayo mawili yanapingana. Kwangu mimi ni neno moja, na nawaomba subira yenu nilieleze.

Naandika sasa kwa sababu jambo tulilodhani limekwisha linafufuliwa. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Obergefell kwamba hakuna jimbo linaloweza kuwanyima watu wa jinsia moja haki ya kufunga ndoa. Miaka saba baadaye, tarehe 24 Juni 2022, siku Mahakama hiyo ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika, kwa maoni yake binafsi, kwamba uamuzi wa 2015 nao unapaswa kuangaliwa upya. Januari 2025 Baraza la Wawakilishi la Idaho lilipitisha, kwa kura 46 dhidi ya 24, azimio la kuiomba Mahakama iutengue. Juni mwaka huohuo wajumbe wa Southern Baptist Convention, muungano wa makanisa ya Kibaptisti, waliokutana Dallas, wakapitisha azimio lao la kutaka uamuzi huo ubatilishwe. Hawa wa mwisho ndio walionigusa zaidi, kwa sababu sioni watu katika nchi hii ambao historia yao inatoa ushahidi mzito kuliko Wabaptisti dhidi ya serikali kumiliki ndoa za waumini.

Turudi Virginia ya kabla ya uhuru, Waheshimiwa. Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Kodi ya kila mtu, awe Mwanglikana au asiwe, ilimlipa kasisi mshahara, na sheria ilisema kwamba ndoa haifungwi ila na kasisi huyo kwa kitabu chake cha ibada. Mbaptisti aliyetaka kuoa alikuwa na njia mbili tu. Aende akasimame mbele ya kasisi ambaye mafundisho yake aliyakataa, na amlipe ada juu yake. Au afungishwe ndoa na mhubiri wake mwenyewe, kisha aishi akijua kwamba machoni pa sheria yeye na mkewe si mume na mke, na kwamba siku ugomvi wa urithi ukizuka, watoto wao wanaweza kuitwa wana wa nje ya ndoa. Wahubiri wao walikuwa wakitiwa ndani kwa kuhubiri bila kibali. Januari 1774 James Madison, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hii, wakati huo kijana wa miaka 22, alimwandikia rafiki yake kwa uchungu kwamba katika kaunti ya jirani walikuwapo watu watano au sita gerezani kwa kosa la kutangaza imani yao.

Mwaka 1780, vita vya uhuru vikiendelea, bunge la Virginia lililegeza kamba. Wahubiri wa madhehebu mengine waliruhusiwa kufungisha ndoa, lakini kwa leseni, na wasizidi wanne wa kila dhehebu katika kila kaunti. Kila ninapoikumbuka sheria hiyo huwa najiuliza yale mazungumzo ya kufikia namba nne yalikuwaje: wanaume wenye heshima zao wameketi bungeni, wakipima ni wachungaji wangapi wa Kibaptisti wanaotosha. Hawakuwa na ukatili. Walikuwa wanafadhili. Miaka 21 baadaye Wabaptisti wa Danbury, katika jimbo la Connecticut ambako bado lilikuwapo kanisa la serikali, walimwandikia Rais Thomas Jefferson wakilalamika kuhusu ufadhili wa namna hiyohiyo: kwamba uhuru wa dini walio nao wanaupata kama fadhila waliyopewa, si kama haki isiyoweza kuondolewa. Jefferson aliwajibu tarehe 1 Januari 1802, na ni katika jibu hilo ndipo alipoandika juu ya ukuta uliojengwa kati ya kanisa na dola. Watu wengi hulitaja neno hilo la ukuta kana kwamba lilibuniwa na wasioamini ili kuwafungia waumini nje. Liliandikwa kuwajibu waumini waliokuwa wakiomba kinga.

Sina ugomvi na imani ya wajumbe wa Dallas. Wana haki yote ya kuhubiri kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kuifundisha kwa watoto wao na kuwakatalia harusi katika majengo yao wale wasioishi hivyo, nami nitasimama kuitetea haki hiyo kama ninavyoitetea ya kanisa langu. Ninachowasihi, na ninachowasihi ninyi mtakaoombwa kuyatekeleza maazimio yao, ni kupima kinachoombwa. Dola inaombwa iwe mlinzi wa fundisho. Wabaptisti wa Virginia waliifahamu dola hiyo ilipokuwa mlinzi wa fundisho la mwingine, na wao walikuwa gerezani.

Wapo wanaosema kwamba ndoa iliundwa na Mungu, kwa hiyo sheria ya ndoa haiwezi kutenganishwa na dini. Hoja hii huletwa mara nyingi na watu wanaojivunia imani ya waasisi wa nchi hii, basi niwakumbushe ndoa ya kwanza iliyofungwa na wahamiaji wa Kiingereza wa Plymouth, Massachusetts. Ilikuwa mwaka 1621, kati ya Edward Winslow na Susanna White, wote wawili wakiwa wamefiwa na wenzi wao katika majira ya baridi ya kwanza. Haikufungishwa na mchungaji. Ilifungishwa na hakimu, na gavana wao William Bradford akaeleza katika kumbukumbu zake kwamba walifuata desturi ya Uholanzi, ambako walikuwa wameishi uhamishoni, kwa kuwa ndoa ni jambo la kiraia ambalo mambo mengi ya urithi hutegemea. Hao walikuwa watu waliovuka bahari kwa ajili ya imani, watu waliosali kabla ya kila jambo, nao hawakuona kwamba Mungu anadhulumiwa pale hakimu anapoandika ndoa kwenye daftari.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Tunayo ndoa ya kanisani, tunayo ya msikitini, na tunayo ndoa ya bomani, na hakuna asiyejua kwamba ni milango tofauti ingawa nyumba inaweza kuwa ile ile. Tunasema mchungaji hufungisha ndoa na serikali huiandikisha. Katika nchi hii mambo hayo mawili yamechanganywa kwa mazoea: mchungaji huyohuyo aliyemaliza kubariki hutia sahihi karatasi ya serikali, na kwa muda wa kutia sahihi anakuwa mtumishi wa jimbo. Mazoea hayo yana urahisi wake, nami nilinufaika nayo siku ya harusi yangu. Lakini yamewafanya watu wengi wasahau kwamba ile karatasi si sakramenti. Haisemi kwamba Mungu amependezwa. Inasema kwamba watu hawa wawili, mbele ya sheria, ni jamaa.

Na neno hilo "ni jamaa" ndilo lenye uzito wote. Kesi ya 2015 haikuanza kwa mtu kugonga mlango wa kanisa akidai harusi. Ilianza kwa hati ya kifo. Jim Obergefell na John Arthur wa Cincinnati walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 20 wakati Arthur alipopatwa na maradhi yanayoua neva za misuli, maradhi yasiyo na tiba, yaliyomlaza kitandani asiweze kujiinua. Ohio haikuruhusu ndoa yao. Julai 2013 marafiki na jamaa walichanga fedha za kukodi ndege yenye vifaa vya hospitali, ikaruka hadi Maryland ambako ndoa hiyo ilikuwa halali, nao wakafunga ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, kwa sababu mgonjwa hakuweza kushushwa. Wakarudi nyumbani siku ileile. Kwa sheria ya jimbo lao, Arthur atakapokufa, hati yake itaandikwa kwamba hakuwa na mwenzi. Alifariki Oktoba mwaka huo. Mwenzake aliipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu ili jina lake libaki kwenye kisanduku kimoja cha karatasi moja. Nimezika watu wa kwetu, Waheshimiwa. Najua ofisi inapokuuliza "wewe ni nani kwa marehemu" inavyoweza kukunyanyua au kukuangusha.

Edith Windsor naye hakuwa akiomba baraka za mtu. Mwenzi wake Thea Spyer alipofariki mwaka 2009, serikali kuu ilimtoza kodi ya urithi ya dola 363,053, ambayo mjane aliyeolewa na mwanamume asingeitozwa hata senti, kwa sababu sheria ya 1996 ilikuwa imekataa kuitambua ndoa yao. Mahakama iliifuta sehemu hiyo ya sheria tarehe 26 Juni 2013. Kodi, hati ya kifo, haki ya kuingia chumba cha wagonjwa mahututi, malezi ya mtoto mzazi mmoja akifariki, pensheni: mambo haya hayana fundisho la dini ndani yake. Muislamu huyahitaji, Mkristo huyahitaji, asiye na dini huyahitaji, na wote huyapata kwenye meza ileile ya karani wa kaunti, bila kuulizwa wanasali wapi.

Sasa niseme juu ya siku ambayo meza ile iligeuzwa madhabahu. Juni 1958 Richard Loving, mzungu, na Mildred Jeter, mwanamke mweusi mwenye asili pia ya wenyeji wa Amerika, walifunga ndoa Washington, kisha wakarudi kwao katika Kaunti ya Caroline, Virginia. Wiki chache baadaye askari waliingia chumbani mwao usiku. Walionyesha cheti cha ndoa. Wakaambiwa hakina maana huko. Walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikasitishwa kwa sharti kwamba waondoke jimboni na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Walipoomba hukumu hiyo ifutwe, Jaji Leon Bazile alikataa mwaka 1965, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kidini waziwazi: kwamba Mwenyezi Mungu aliziumba jamii za watu weupe, weusi, wa manjano, wa Kimalay na wekundu, akaziweka katika mabara mbalimbali, na kwamba kule kuzitenga kunaonyesha hakukusudia zichanganyike.

Mimi ni mtu mweusi na ni muumini, na kila nisomapo maneno yale naumia mara mbili. Naumia kwa ajili ya Mildred na Richard. Naumia pia kwa ajili ya jina la Mungu lililowekwa kwenye karatasi ya mahakama ili kutetea dhuluma, ambako halikuitwa na nabii yeyote. Jaji yule huenda aliamini alichokiandika. Yawezekana alikifundishwa kanisani. Lakini cheo chake hakikumpa mamlaka ya kutafsiri mapenzi ya Mungu kwa niaba ya watu wa Virginia, na siku alipojitwalia mamlaka hayo hakuna Mkristo wala Myahudi wala mpagani aliyekuwa na pa kukata rufaa dhidi ya theolojia yake, isipokuwa kwa Mahakama nyingine yenye Katiba mkononi. Mahakama hiyo iliamua tarehe 12 Juni 1967, kwa kauli moja ya majaji wote, na sheria za namna hiyo zikaanguka katika majimbo 16. Nasikia hoja ya mpango wa uumbaji ikitolewa tena leo katika vyumba vya mabunge yenu. Sisemi kwamba kila anayeitoa ana moyo wa ubaguzi wa rangi, wengi hawana. Nasema kwamba ni hoja ambayo bunge halina chombo cha kuipima, na historia imeonyesha kinachotokea bunge likijaribu.

Hofu iliyopo upande wa pili naifahamu kwa sababu nimeisikia ikisemwa kwa machozi katika vikao vya kanisa langu, ambamo hatujakubaliana juu ya jambo hili na huenda hatutakubaliana katika uhai wangu. Ni hofu kwamba siku moja mchungaji atalazimishwa. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini tuangalie yaliyotokea. Kanisa Katoliki halimfungishi ndoa mtu aliyeachana na mwenzi wake iwapo ndoa ya kwanza haijatangazwa kuwa batili kwa taratibu zake lenyewe. Serikali kwa upande wake huwaandikisha watu hao kila siku, na imefanya hivyo kwa vizazi. Sijasikia padri hata mmoja aliyefungwa kwa kukataa. Marabi wa Kiorthodoksi hawafungishi ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi, na hakuna mahakama iliyowaamuru. Ukuta ule ule unaomruhusu karani kuandika ndoa ya aliyeachana ndio unaomruhusu padri kuikataa. Hata uamuzi wa 2015, uliotolewa na Jaji Anthony Kennedy kwa niaba ya walio wengi, ulisema wazi kwamba dini na waumini wake wanaweza kuendelea kufundisha kwa imani yao yote kwamba ndoa hiyo haifai, na kwamba Katiba inawalinda katika kufundisha huko.

Kisha kuna upande wa uhuru wa dini ambao husahauliwa, nao ndio ulionifanya mimi nibadili msimamo. Carolina Kaskazini ilikuwa na sheria iliyomfanya mhudumu wa dini anayeendesha ibada ya ndoa bila leseni ya serikali kuwa mkosaji wa jinai, na wakati huohuo jimbo lilikataa kutoa leseni kwa watu wa jinsia moja. Aprili 2014 United Church of Christ, pamoja na marabi na wachungaji wa madhehebu mengine, walifungua kesi wakisema kwamba jimbo linawazuia kuendesha ibada zao. Soma tena, Mheshimiwa, polepole: kanisa lililazimika kwenda mahakamani ili liruhusiwe kubariki. Waumini wake walikuwa wamesali, wamejadiliana na kufikia uamuzi wao mwaka 2005, na serikali ikaja na theolojia ya madhehebu mengine ikiwa na adhabu mkononi. Hakimu alifuta marufuku ya jimbo hilo tarehe 10 Oktoba 2014. Wakati huo nilikuwa bado naamini kwamba sheria ya jimbo inalinda imani yangu. Ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa inalinda imani yangu kwa kuwavunjia wengine yao, jinsi Virginia ilivyowafanyia Wabaptisti, na kwamba upepo ukigeuka nitakuwa sina neno la kujitetea.

Kuhusu watumishi wa serikali wenye dhamiri inayowakataza, sikubaliani na wale wanaosema waache kazi tu. Mtu aliyeingia ofisini miaka mingi kabla ya sheria kubadilika ana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2015 karani wa Kaunti ya Rowan, Kentucky, alikataa kutoa leseni zozote za ndoa, akawekwa gerezani siku tano, na nchi nzima ikagawanyika juu yake. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilitunga fomu mpya isiyohitaji jina la karani. Hilo ni suluhisho la hekima: dhamiri ya mtu ikapewa nafasi, na raia hakurudishwa mlangoni. Kosa lake, na nalisema bila kumdharau, lilikuwa kuifunga ofisi nzima. Mtumishi anaweza kusogea pembeni akampisha mwenzake. Hawezi kusimama mlangoni na ufunguo wa umma mfukoni.

Kesi za wafanyabiashara, kama ile ya mwoka keki wa Colorado aliyekataa kuoka keki ya harusi ya watu wa jinsia moja, iliyoamuliwa mwaka 2018, na ile ya mbunifu wa tovuti asiyetaka kutengeneza tovuti za harusi hizo, iliyoamuliwa mwaka 2023, ni ngumu kuliko pande zote mbili zinavyokiri, na sitajifanya naweza kuzimaliza katika barua. Nitasema tu kwamba katika ile ya 2018 Mahakama, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliikemea tume ya jimbo kwa kuizungumzia imani ya mtu yule kwa dharau, na iliikemea kwa haki. Serikali isiyo na dini haina ruhusa ya kuzidharau dini. Wanaotetea usawa wa ndoa kwa kuwakejeli waumini wanaubomoa ukuta kutoka upande wa pili.

Ninayowaomba ni machache, nayo yana mfano wake tayari. Mwaka 2020 wapiga kura wa Nevada walibadili katiba ya jimbo lao: waliondoa marufuku ya zamani ya ndoa za watu wa jinsia moja, wakaandika kwamba jimbo litatambua ndoa bila kujali jinsia, na katika kifungu hichohicho wakaandika kwamba mashirika ya dini na wahudumu wake wana haki ya kukataa kufungisha ndoa yoyote. Haki mbili, kifungu kimoja. California, Colorado na Hawaii nazo ziliondoa maneno yao ya marufuku katika kura za Novemba 2024. Majimbo mengi bado yanayo, yakiwa yamelala kitabuni, yakingoja siku Mahakama itakapobadili mawazo. Ninyi wa mabunge ya majimbo hayo, msiyaache yalale. Wapeni wananchi nafasi ya kuyaondoa, na mwandike kinga ya wahudumu wa dini kwa maneno yasiyo na utata, ili yule mchungaji anayelia katika kikao cha kanisa langu asome mwenyewe kwamba yuko salama.

Ninyi wa Kongresi, mlishafanya jambo jema. Sheria mliyoipitisha kwa kura 61 dhidi ya 36 katika Seneti na 258 dhidi ya 169 katika Baraza la Wawakilishi, ikatiwa sahihi tarehe 13 Desemba 2022, inaitaka serikali kuu na kila jimbo kutambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine, na inasema kwamba mashirika ya dini hayatalazimishwa kutoa huduma kwa ajili ya harusi. Ilipita kwa kura za vyama vyote viwili. Lakini mnajua pengo lililomo: hailazimishi jimbo lolote kutoa leseni. Uamuzi wa 2015 ukifutwa, Jim na John wengine watalazimika tena kuruka kwenda jimbo jingine, na mgonjwa asiyeweza kuruka ataachwa. Msiidhoofishe sheria hiyo, na pengo hilo mliangalie wakati bado kuna utulivu wa kuliangalia.

Na mswada wowote wa ndoa utakapofika mezani kwenu, nawaomba kila mmoja wenu afanye jambo moja kabla ya kupiga kura. Sababu zake mzisome mkiwa mmejiweka mahali pa mtu wa dini ndogo kuliko zote katika jimbo lenu, anayelipa kodi ileile, anayezika wafu wake kwenye udongo uleule, na mjiulize kama kuna hata sababu moja kati ya hizo anayoweza kuikubali bila kwanza kubadili dini. Ikiwa haipo, urudisheni.

Nitawaombea, kama ninavyofanya kila Jumapili tunapofika kwenye sala ya wenye mamlaka. Nasubiri majibu yenu.

Kwa heshima,

Muumini na mpiga kura